Gobori Lililoshonewa Joho

Ami aliponiambia kuwa siku ya harusi ya mwanawe atabeba gobori begani, mtutu juu, bila kulifunika, kutoka kona ya mtaa mpaka mlangoni kwa wakwe, sikumuuliza sheria ya Uingereza inasemaje. Nilijiuliza anataka kumpiga nani. Ami alikuwa mdogo wake baba yangu, fundi cherahani, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona hata akichinja kuku. Lakini nyumba aliyotaka kwenda nayo hiyo bunduki ilikuwa ya mtu ambaye ukoo wetu mzima uliamini ndiye aliyemuuza babu yangu.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Miaka ile nilikuwa nafanya kazi katika ghala la mizigo pale Heathrow, na kazi yenyewe ilikuwa kutoamini: sanduku limeandikwa vitambaa, mbona zito kama limejaa vyuma? Mtu akikaa muda katika kazi hiyo, hata mkewe akimwambia amenunua nyanya atachungulia mfuko. Mke wangu alinikumbusha hilo mara nyingi, na si kwa kunisifu.

Nieleze kwanza habari ya babu. Kwetu Unguja, kabla ya mapinduzi, babu alikuwa na gobori, bunduki ndefu ya kushindilia baruti kwa mbele. Lilikuwa la sherehe. Katika ukoo wetu bwana harusi hatoki peke yake. Hutanguliwa na mkubwa wa nyumba amebeba bunduki begani, wazi, kila mtu aione. Wakifika kwa bi harusi, mkubwa huyo humkabidhi mwenye nyumba ile bunduki, naye huipokea na kuilaza chini. Maana yake ni kwamba waliokuja wamekuja kwa heri, na mwenye nyumba amewaamini. Bunduki iliyofunikwa ni ya mwizi, ndivyo tulivyofundishwa. Mwenye nia njema haoni haya kuonyesha alichobeba.

Yalipokuja mapinduzi, watu walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha. Babu alilifukia gobori jikoni, chini ya mafiga. Siku moja walikuja nyumbani, wakaingia moja kwa moja jikoni, wakayasukuma mafiga, majivu bado ya moto, wakafukua. Hawakugusa chumba kingine chochote. Babu wakaondoka naye, hakurudi, na mpaka leo hatujaonyeshwa kaburi.

Nani aliwaambia? Mkabala na ua wetu palikuwa na nyumba ya jirani, kijana aliyeoa karibuni, na dirisha lake lilitazama jikoni kwetu. Yeye hawakumgusa. Baba yangu alikuwa safarini siku hiyo; aliporudi na kusikia, alilitazama lile dirisha na hukumu ikapita hapo hapo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema mpaka uzeeni, na sisi watoto tulijua nguo inayosemwa ni nani.

Tukatawanyika. Mombasa, Dubai, kisha London. Na dunia yote hii ilivyo pana, jirani naye akaja kuangukia Hounslow, mitaa michache kutoka kwetu. Msikitini baba alikuwa akitazama kwanza yule mzee amekaa safu gani, ndipo naye achague ya kwake. Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, jirani alikuja matangani akakaa karibu na mlango. Sinia ya kahawa ilizunguka chumba kizima, ikampita. Alikaa mpaka dua ikaisha, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Mimi niliona ni ujuba wa muuaji anayekuja kuhakikisha.

Gobori la pili ndilo alilonunua Ami. Jumamosi moja alikwenda Peckham kutafuta muhogo na dagaa, akarudi na bunduki. Aliipata kwa muuza vitu vya kale, imefungwa magazeti, na akapanda nayo mabasi mawili mpaka nyumbani, ameiegemeza baina ya magoti kama mwamvuli. Muuzaji alimwambia ya kale kama hii haitaki kibali, itundike ukutani tu. Ami akasikia kwamba haitaki kibali. Hilo la ukutani sidhani kama lilimwingia. Aliitundika juu ya televisheni, na kila Ijumaa aliipaka mafuta ya cherahani.

Sasa basi, mwanawe Ami, aliyezaliwa hapa London, alikutana chuoni na msichana wakapendana, na msichana akawa mjukuu wa jirani yule yule. Mimi nilingoja moto uwake. Ami aliuliza jina la babu wa msichana mara ya pili, kisha akasema, "Kheri. Nakwenda kuposa mwenyewe." Akaenda, akakubaliwa. Hakushauriana na mtu. Mtu aliyekataa kumwamkia mwenzake miaka karibu arubaini, leo anampelekea posa, na kesho anataka kumpelekea na bunduki. Ningekuwa mjinga kama nisingeshuku.

Ndipo nikaenda kutafuta sheria. Queensbury kulikuwa na mwanasheria wa Kikenya, mama wa makamo, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Aliwahi kuwasaidia watu wetu mambo ya uhamiaji. Alinisikiliza huku akinywa chai.

"Kwanza niambie, hiyo kitu iko na risasi?"

"Haina. Hata baruti hakuna." Nilisema hivyo, ingawa moyoni sikuwa na hakika.

"Sawa. Kwa ukuta haina shida. Ni antique, ni pambo, haihitaji certificate. Lakini akiitoa kwa ukuta akatembea nayo kwa road, hiyo si pambo tena. Hapo ni bunduki kwa public, na polisi atamuuliza iko hapo kwa sababu gani."

"Sababu ni harusi."

"Harusi inaweza kuwa sababu. Nimesema inaweza. Na wa kuionyesha hiyo sababu ni yeye mwenye kuibeba. Siku hizi wamekaza sana. Hata ya plastiki, bora ifanane na bunduki, unashikwa."

Nikamuuliza, basi ni afadhali aifiche?

"Si kuficha, ni kufunika. Hata wale wawindaji wako na certificate zao, wanabeba kwa bag. Watu wakiona mtutu wanaogopa, wanapiga simu, na polisi watakuja na zao. Peleka kwa gari, ifunikwe, ifunguliwe ndani ya nyumba ya wenyewe. Na umwambie mzee, akiulizwa aseme ukweli. Asianze kuzunguka."

Niliyageuza maneno yale kichwani. Kwetu anayeionyesha ndiye mtu wa amani na anayeifunika ndiye wa kuogopwa. Hapa ni kinyume chake kabisa. Kisha nikawakumbuka askari wa pale uwanja wa ndege, wale niliokuwa nikiwapita kila asubuhi wakitembea taratibu na bunduki ndefu vifuani, wazi, karibu na duka la kahawa. Wao hawafuniki, na hakuna anayepiga simu.

Yule mama aliweka kikombe chini. "Sasa wewe unaogopa polisi, ama unaogopa mzee wako?"

Nilimwambia naogopa foleni ya magari, nikaaga.

Nilimkuta Ami kwenye cherahani. Nikamweleza yote, na nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alisikiliza, pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Sawa, baba. Tutalifunika. Nitalishonea nguo."

"Na utakwenda nalo kwa gari, Ami."

"Nitakwenda kwa gari mpaka kona. Kutoka kona tutatembea, harusi haiendi kwa gari. Lakini nitalifunika."

Hakuteta hata kidogo, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ami alikuwa mtu wa kubishana na wewe nusu saa juu ya kifungo cha shati. Wiki iliyofuata, alipokuwa msikitini, nilikwenda kwake na kuanza kupekua. Nilifungua makabati ya jikoni, nikanusa kila mkebe nikitafuta baruti. Nilinusa mdalasini, nikanusa hiliki, pilipili manga ikanitoa machozi. Akanikuta nimepiga magoti mbele ya kabati la chini.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Chumvi."

Akainua mkono akaichukua chumvi juu ya meza, akanipa, akaenda zake chumbani. Kupitia mlango nikamsikia akizungumza peke yake, polepole, kama mtu anayejifunza hotuba. "Nimechelewa," alisema. "Nimechelewa sana, lakini nimekuja." Akarudia tena. Niliondoka na ile chumvi mkononi, nimeshakata shauri kwamba siku ya harusi sitabanduka kwake hata hatua moja, na akilielekeza lile gobori kwa yule mzee, likiwa na kitu au halina, mtu wa kwanza kulidaka nitakuwa mimi. Ningemwacha amtishe mzee mbele ya watu, harusi ingevunjika na Ami angelala rumande.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, ndege zinapita juu ya mapaa kama kawaida yake Hounslow. Pale kona Ami alishuka garini amevaa kanzu, joho na kilemba, akatoa kitu chake kwenye kiti cha nyuma. Nilipokiona nilitamani kulia. Fundi ni fundi. Alikuwa amelishonea gobori joho la kitambaa cheusi cha suti, limelikaa barabara, limebanwa panapostahili kubanwa, kitako kinaonekana kitako na mtutu unaonekana mtutu, hata kombo ya jogoo, ile nyundo ya bunduki, ameifuatilia kwa mshono. Lingekuwa uchi lisingeonekana bunduki kuliko vile.

"Dad, just leave it in the boot," bwana harusi akamwambia, uso umemwiva kwa aibu.

"Sitoi bunduki kwenye buti mlangoni kwa watu kama mwizi wa vipuri," Ami akajibu. "Limefunikwa. Sheria imesema lifunikwe." Akaliweka begani, akatangulia. Sisi nyuma, wanaume wa pande mbili za ukoo, tukaanza kumsalia Mtume. Mimi nilikuwa bega kwa bega naye, jicho langu kwenye mkono wake wa kulia.

Nyumba ya jirani ilikuwa karibu kabisa, mlango wake umeshafunguliwa, na yule mzee amesimama kizingitini na bakora yake, lilipotupita gari la polisi. Likapunguza mwendo, likarudi nyuma. Nadhani mwanzo walitaka tu kutuambia tupishe njia. Lakini askari mmoja akashuka, akaiangalia ile suti nyeusi begani mwa Ami, na uso wake ukabadilika.

"Samahani, bwana," akasema kwa adabu. "Umebeba nini?"

Nilimgeukia Ami, nangoja aseme kama tulivyofundishwa: ni pambo la kale, ni desturi ya harusi, fungua utazame. Maneno hayo ya Kiingereza nilikuwa nimemkaririsha mimi mwenyewe. Ami alikuwa ameganda. Macho yake hayakuwa usoni kwa yule askari, yalikuwa kwenye sare ya askari huyo, na midomo yake imekuwa myeupe.

"Hakuna bunduki," akasema kwa Kiingereza. "Hakuna bunduki nyumba hii."

Tulikuwa barabarani. Hapakuwa na nyumba yoyote inayozungumzwa, na askari alikuwa hajataja bunduki.

Mambo yakaenda mbio. Askari akarudi nyuma, akasema na redio yake, akamwamrisha Ami alaze chini alichobeba, na Ami hasikii, anarudia tu kwamba hakuna. Mimi ndiye niliyelishusha begani kwake nikaliweka kwenye lami. Wakaja wengine, na hao walikuwa na bunduki ndefu wazi wazi mikononi, kama wale wa uwanja wa ndege. Tukasimamishwa ukutani, wanaume wazima na majoho yetu, bwana harusi katikati. Ami akafungwa pingu. Wanawake walikuwa wanatazama madirishani. Nilimkasirikia Ami kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, kwa sababu niliona shaka yangu imetimia: mtu anayedanganya ana kitu anachokificha.

Walilivua gobori joho lake, wakalichunguza. Halikuwa na kitu ndani. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, alinisikiliza nilipoeleza habari ya harusi na ya pambo, nikaona uso wake unalegea. Akaamuru pingu zifunguliwe, lakini akasema bunduki wanaichukua, na kuna jambo moja hajaridhika nalo. Anataka kulisikia kwa mwenyewe. Kama sababu yake ni njema, kwa nini alikana?

Kiingereza cha Ami kilikuwa kimemkimbia, kwa hiyo nikawa mkalimani. Yule mzee jirani alikuwa ameshatoka kizingitini kwake, amesimama kando yetu, na askari hawakumzuia.

"Mwambie," Ami akasema, anasugua viganja vyake, "niliwahi kuulizwa swali hili, na nikajibu kweli."

Nikafasiri.

"Nilikuwa kijana wa skuli. Waliingia uani, wamevaa kama hawa. Mmoja akaniinamia akaniuliza taratibu, bunduki ya baba yako iko wapi, ukisema kweli hatapata lolote. Nikasema iko chini ya mafiga."

Nilimsikia vizuri. Nikafungua mdomo nifasiri, na Kiingereza changu nacho kikanikimbia. Mkubwa wa polisi akangoja. Nikafasiri, neno moja moja, na kila neno lilikuwa linaipasua nyumba yetu.

"Wakamchukua baba," Ami akaendelea. "Kaka aliporudi safarini akasema ni jirani, na mimi nikanyamaza. Nikanyamaza siku ile, nikanyamaza mpaka kaka akafa." Hapo akamgeukia yule mzee. "Shikamoo. Leo nilikuwa nakuletea bunduki mlangoni kwako niseme haya mbele ya watu wote. Sikutaka kuificha tena. Nimechelewa sana, lakini nimekuja."

Nilimtazama yule mzee, mtu niliyemchukia tangu nijue kuchukia. Nilitazamia atikisike, au alie, au apandishe ile bakora. Alisogea tu karibu, akaliweka sawa joho la Ami lililokuwa limevutwa na pingu.

"Marahaba," akasema. "Nilikuwa dirishani siku ile. Nilikusikia ukijibu."

Ami akamtazama kama hakumwelewa. "Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Na maneno yote yale, ukayanyamazia?"

"Ungeweza kuyabeba wewe? Ulikuwa mtoto, na ndiyo kwanza huna baba. Mie nilikuwa mtu mzima, nikasema basi, na waniweke mie badala yako."

Bwana harusi, ambaye hujibu Kiswahili kwa Kiingereza siku zote, akasema, "Karibuni ndani, babu," kana kwamba nyumba ni yake. Hakuna aliyeingia. Mkubwa wa polisi aliniuliza mzee amesema nini. Nilijaribu mara mbili nikashindwa, nalia barabarani mbele ya askari wenye bunduki, kwa sababu nilikuwa namwona baba yangu kwenye safu yake ya mbali msikitini, ameipa mgongo safu ya mtu huyu, mpaka anakufa.